Mstatili wa Wetzlar

Februari 2012 kampuni ya Nikon ya Japani ilitangaza kamera mpya, D800, yenye megapikseli 36.3. Iliyotangulia katika daraja hilo, D700 ya mwaka 2008, ilikuwa na 12.1 tu. Wapiga picha wa mandhari na wa studio waliiagiza kwa pupa, na bei yake Marekani ilikuwa karibu dola 3,000. Kisha wakasoma kijitabu cha ufundi ambacho Nikon yenyewe ilikitoa kwa ajili ya kamera hiyo. Humo waliambiwa watumie stendi ya miguu mitatu, wainue kioo cha kuakisi kabla ya kufyatua, wasibane tundu la lenzi kupita kiasi, na wachague lenzi kwa makini. Orodha ya lenzi zilizopendekezwa ilikuwamo, na si lenzi za kununuliwa kwa chenji ya mfukoni.

Manung'uniko yaliyofuata yalikuwa na haki yake. Mtu amekusanya lenzi kwa miaka 20, zote zinaingia kwenye mlango wa kamera mpya, zote zinalenga, halafu anaambiwa baadhi yake hazitoshi. Mwaka 2015 zamu ikawafikia wateja wa Canon, ilipotoka 5DS yenye megapikseli 50.6.

Wengi walidhani ni fitina za biashara za zama za dijitali. Ugomvi wenyewe ni wa kale zaidi. Mstatili wa milimita 24 kwa 36, ambao leo unaitwa fremu kamili, haukubuniwa na wahandisi wa elektroniki. Ulizaliwa Wetzlar, mji mdogo wa Ujerumani, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na tangu siku ya kwanza ulizaliwa na deni ambalo lenzi ndiyo ilipaswa kulilipa.

Oskar Barnack alikuwa fundi mitambo. Alifanya kazi Jena, kwa Carl Zeiss, kabla ya kuhamia mwaka 1911 kwa Ernst Leitz, mtengenezaji wa hadubini wa Wetzlar. Alipenda kupiga picha matembezini, lakini alisumbuliwa na pumu, na kamera ya siku zile ilikula sahani za kioo za sentimita 13 kwa 18. Kupandisha mlimani kamera ya namna hiyo, sanduku la sahani na miguu yake ilikuwa kazi ya hamali. Kazini Barnack alishughulika pia na filamu ya sinema, yenye upana wa milimita 35, ambayo kila picha yake ilikuwa milimita 18 kwa 24. Akailaza filamu hiyo, akaunganisha nafasi ya picha mbili kuwa moja, akapata 24 kwa 36. Kufikia 1914 alikuwa na kamera ya chuma ya kutia mfukoni.

Hesabu ya ubunifu huo inatisha kidogo. Sahani ya 13 kwa 18 ina eneo mara 27 ya mstatili wa Barnack. Yeye aliamini katika negativu ndogo na picha kubwa, yaani picha ichukuliwe mahali padogo kisha ikuzwe kwenye chumba cha giza. Lakini ukitaka picha ya sentimita 24 kwa 36 ukutani, lazima ukuze mara kumi, na kila kasoro ya lenzi nayo inakua mara kumi. Sahani kubwa ilisamehe lenzi mbovu. Mstatili mdogo hausamehe.

Lenzi za sinema nazo hazikukusudiwa kufunika eneo lote hilo. Ilibidi Leitz imkabidhi kazi Max Berek, mwanafizikia wake, achore lenzi mpya ya milimita 50 yenye tundu la f/3.5. Ya kwanza ilikuwa na vipande vitano vya kioo. Kufikia 1926 ilikuwa na vinne na jina la Elmar. (Berek alipenda mbwa wake kiasi kwamba lenzi yake nyingine, Hektor, ilibeba jina la mmoja wao. Anayelipa pesa nyingi leo kwa Hektor kuukuu huenda hajui kwamba anamuenzi mbwa.) Mwaka 1924, Ujerumani ikiwa bado inajikokota kutoka kwenye mfumuko wa bei, Ernst Leitz wa pili aliamua kamera itengenezwe. Mwaka uliofuata ikaonyeshwa kwenye maonyesho ya biashara ya Leipzig ikiitwa Leica.

Ilibidi pia wakubaliane ukali wa picha maana yake nini. Kipimo kilichozoeleka kwa negativu hiyo kilikuwa sehemu moja ya 30 ya milimita: nukta ya nuru ikitandaa kwenye filamu hadi duara la upana huo, mtazamaji wa picha iliyokuzwa bado ataiona kuwa nukta. Namba zilizochongwa kwenye mapipa ya lenzi kuonyesha kina cha ukali zilitokana na makubaliano hayo, na ziliendelea kuchongwa hivyo kwa miongo mingi.

Sasa chukua Sony A7R IV ya mwaka 2019. Ina megapikseli 61 juu ya mstatili uleule wa Wetzlar, na kila pikseli ina upana wa mikromita 3.76 hivi. Nukta iliyowaridhisha watu wa wakati wa Berek inafunika karibu pikseli tisa kwenda kulia na tisa kwenda chini. Kwa kihisi hicho, ile si nukta tena, ni doa.

Berek naye alirithi. Asingechora Elmar kama si kazi iliyofanyika Vienna na Jena katika karne ya 19.

Daguerre alipoutangazia ulimwengu upigaji picha mwaka 1839, lenzi yake iliingiza nuru kidogo mno, na mtu wa kupigwa picha alipaswa kutulia kwa dakika kadhaa juani. Joseph Petzval, profesa wa hisabati Vienna aliyezaliwa katika eneo ambalo leo ni Slovakia, aliishughulikia shida hiyo kwa kalamu na karatasi. Jeshi la Austria lilimwazima watu wa mizinga waliozoea hesabu ngumu, nao wakamsaidia kupiga hesabu za njia za nuru. Mwaka 1840 lenzi yake ya sura za watu, ya karibu f/3.6, ilipitisha nuru zaidi ya mara 15 ya ile ya Daguerre. Ilitengenezwa na kampuni ya Voigtländer. Baadaye Petzval na mwenye kampuni waligombana vibaya kuhusu faida, na Voigtländer akafungua kiwanda Braunschweig, Ujerumani, mbali na mkono wa Petzval.

Lenzi ya Petzval ilikuwa kali sana katikati. Kuelekea kingoni picha ilianza kuzunguka na kufifia, kwa sababu uwanja wake wa picha ulipinda wakati sahani ilikuwa bapa. Kwa picha ya uso wa mtu mmoja, hasara hiyo ilikuwa pambo. Kwa picha ya watu 20 waliojipanga, wa pembeni walilipia.

Dawa ilihitaji kioo ambacho hakikuwapo. Wabunifu walikuwa na aina mbili kuu: krauni, inayopinda nuru kidogo na kuzitenganisha rangi kidogo, na flinti, inayopinda sana na kutenganisha sana. Walichotaka ni kioo kinachopinda sana bila kuzitenganisha rangi, na hakuna aliyekuwa akikiuza.

Hapa ndipo anapoingia Ernst Abbe. Alikuwa mwalimu wa chuo kikuu cha Jena mwenye umri wa miaka 26 pale Carl Zeiss, fundi wa hadubini aliyefungua karakana yake mjini humo mwaka 1846, alipomwita amsaidie. Baba yake Abbe alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nyuzi Eisenach, na mtoto hakusahau zile siku za kazi za saa 14 hadi 16. Mwaka 1873 Abbe alichapisha hoja iliyowaudhi mafundi wengi: hata lenzi ikisuguliwa bila dosari yoyote, kuna mpaka wa udogo wa kitu inachoweza kukionyesha, na mpaka huo unawekwa na nuru yenyewe. Kanuni hiyo imechongwa kwenye mnara wake wa kumbukumbu Jena. Kila mpiga picha anayebana tundu la lenzi hadi f/16 akashangaa mbona picha imelegea, anagongana nayo.

Mwaka 1879 Abbe alipata barua na sampuli ya kioo kutoka kwa Otto Schott, kijana wa Witten ambaye baba yake alitengeneza vioo vya madirisha. Kioo chenyewe, kilichotiwa lithiamu, hakikufaa kwa lenzi. Kilichomvutia Abbe ni jinsi kijana huyo alivyofanya kazi: alibadilisha kiungo kimoja kimoja na kuandika matokeo. Schott akahamia Jena mwaka 1882, na mwaka 1884 yeye, Abbe, Zeiss na mwanawe Roderich wakaanzisha kiwanda cha kioo. Walijaribu boroni, fosforasi na bariamu. Katalogi yao ya mwaka 1886 ilikuwa na aina 44 za kioo, baadhi zikiwa hazijawahi kuonekana na mbunifu yeyote. Kioo cha bariamu ndicho kilichofungua mlango: kupinda sana, kutenganisha rangi kidogo.

Abbe hakuishia kwenye kioo. Mwaka 1889 aliunda wakfu wa Carl Zeiss, ambao ulikuja kuimiliki kampuni, na mwaka 1900 wafanyakazi wake walipewa siku ya kazi ya saa nane. Inafaa kulikumbuka hilo kila jina la Zeiss linapotajwa kwa sababu ya bei tu.

Mwanafunzi wa shule hiyo ya Jena alikuwa Paul Rudolph. Mwaka 1890 alitoa lenzi iliyonyoosha uwanja wa picha, mwaka 1902 akatoa Tessar, ya vipande vinne, ambayo ilinakiliwa pande zote za dunia. Katikati ya hizo mbili, mwaka 1896, alichora Planar, na hii ndiyo inayostahili kusimuliwa. Ilikuwa na vipande sita katika makundi manne, nusu ya mbele ikikaribia kuwa taswira ya nusu ya nyuma, na ukali wake ulikuwa wa ajabu. Lakini haikupendwa. Kila uso wa kioo unaokutana na hewa hurudisha asilimia nne au tano ya nuru, na Planar ilikuwa na nyuso nane za namna hiyo. Zaidi ya robo ya nuru ilipotea, na sehemu yake ilizurura ndani ya lenzi kisha ikatua juu ya filamu kama ukungu. Tessar ilikuwa na nyuso sita, na picha zake zilionekana safi zaidi.

Suluhisho lilikuwa limeshajitokeza York, Uingereza, bila kutafutwa. Katika miaka ya 1890 Dennis Taylor, mbunifu wa lenzi maarufu ya vipande vitatu, aliona kwamba lenzi kuukuu zilizobadilika rangi usoni kwa umri zilipitisha nuru zaidi kuliko mpya. Ule utando wa uzee ulikuwa ukipunguza nuru inayorudishwa na kioo. Taylor alijaribu kuzizeesha lenzi kwa kemikali lakini hakuweza kupata matokeo ya kutegemewa. Ni mwaka 1935 ndipo Alexander Smakula wa Zeiss alipata njia ya kutandaza utando mwembamba sana juu ya kioo ndani ya chombo kisicho na hewa. Jeshi la Ujerumani likaufanya siri. Baada ya vita siri ilipotoka, mchoro wa Planar ulifufuka, na lenzi nyingi za milimita 50 zilizofuata zikawa wajukuu zake. Mpiga picha wa harusi wa Dar es Salaam au Mombasa mwenye Canon ya 50 f/1.8, ile ya plastiki na ya bei nafuu, amebeba ukoo wa Rudolph begani.

Vita viliigawa Zeiss vibaya. Wamarekani waliufikia mji Aprili 1945, huku wakijua kwamba eneo hilo lingekabidhiwa kwa Wasovieti mwezi Julai. Kabla ya kuondoka waliwapakia wataalamu wa Zeiss zaidi ya 70 pamoja na familia zao na kuwapeleka magharibi, ambako Zeiss ya pili ilijengwa Oberkochen. Wasovieti walipofika walichukua mashine. Mitambo ya Contax, kamera ya Zeiss, ilipelekwa kiwanda cha Arsenal mjini Kiev, na kamera ileile ikaanza kutoka huko kwa jina la mji huo. Lenzi ya Biotar ya milimita 58, iliyochorwa Jena na Willy Merté katika miaka ya 1930, ikazaliwa upya katika Muungano wa Kisovieti kama Helios-44. Zilitengenezwa kwa mamilioni, na bado zinauzwa kwa bei ya chakula cha jioni.

Wakati Wajerumani wanagawana kilichobaki, Japani ilikuwa inajifunza kimyakimya. Nippon Kogaku, kampuni ambayo baadaye iliitwa Nikon, iliundwa mwaka 1917 kwa ajili ya vifaa vya jeshi, na mwaka 1921 iliwaleta wahandisi wanane wa Kijerumani kuwafundisha watu wake. Kamera ya kwanza ya Canon kuingia sokoni, mwaka 1936, ilikuwa na lenzi ya Nikkor, kwa kuwa Canon haikuwa na kiwanda cha lenzi. Mashabiki wanaogombana leo kuhusu majina hayo mawili hawapendi sana kuambiwa hivyo.

Nje ya Japani hakuna aliyejali hadi 1950. Mwezi Juni mwaka huo David Douglas Duncan, mpiga picha wa jarida la Life, alikuwa Tokyo. Kijana wa Kijapani, Jun Miki, alimpiga picha kwenye mwanga hafifu kwa lenzi ya Nikkor ya milimita 85. Duncan alipoiona picha iliyokuzwa hakuamini, akaenda kiwandani, akalinganisha lenzi za Nikkor na zake za Kijerumani, akanunua. Tarehe 25 Juni vita vya Korea vikaanza. Picha alizotuma New York zilikuwa kali kiasi cha kuwashangaza waliozipokea, na Desemba mwaka huohuo gazeti la New York Times likaandika habari za lenzi za Kijapani. Ndani ya miaka michache wapiga picha wa habari walikuwa wakifunga Nikkor kwenye miili ya Leica na Contax, jambo ambalo mwaka 1949 lingechekwa.

Mwaka 1959 Nikon F ilikuja na kioo cha kuakisi kilichomwezesha mpiga picha kuona kupitia lenzi yenyewe. Faida kubwa, na gharama kubwa pia. Kioo hicho kinahitaji nafasi ya kuinuka, hivyo mlango wa lenzi wa Nikon ulikaa milimita 46.5 mbele ya filamu. Lenzi ya pembe pana ya milimita 24 au 28 kwa kawaida inataka kukaa karibu na filamu kuliko hapo. Mfaransa Pierre Angénieux alikuwa amepata njia mwaka 1950, kwa kuugeuza mpangilio wa darubini: vipande vya mbele hutawanya nuru, vya nyuma huikusanya kwa mbali. Njia hiyo ilifanya kazi, lakini iliongeza vipande, uzito na kasoro za pembeni, na kwa miaka 50 pembe za picha pana zilikuwa na ulaini ambao wenye kamera waliuzoea. Kompyuta zilisaidia: Leitz ilinunua moja kutoka kwa Konrad Zuse, Z5, iliyowasili Wetzlar mwaka 1953 na kuchukua kazi iliyokuwa ya watu na vitabu vya logariti. Filamu nayo ilifumba jicho. Haikuwa bapa kabisa, ilikuwa na chembechembe, na ilikuwa na tabaka za unene wake.

Kihisi kilipokuja, mwanzoni kilificha zaidi. Kamera ya Nikon D1 ya mwaka 1999 ilikuwa na megapikseli 2.7 juu ya eneo la milimita 23.7 kwa 15.6, hivyo ilitumia katikati tu ya picha iliyotolewa na lenzi zilizochorwa kwa ajili ya filamu. Lenzi yenye pembe mbovu ilionekana bora kuliko ilivyokuwa. Kwa muda mrefu wapiga picha waliishi katikati ya lenzi zao na kudhani wanaishi kwenye nyumba nzima.

Mwaka 2002 mstatili wa Wetzlar ulirudi. Contax ilitoa kamera ya fremu kamili ya megapikseli sita ambayo wachache waliinunua, kisha Canon ikatoa EOS-1Ds ya megapikseli 11, kwa karibu dola 8,000. Wapiga mandhari walikuza faili zao kwenye kompyuta, wakatazama pembe, wakanyamaza. Kilichofuata ni kipindi cha vituko: watu wenye kamera ghali kuliko zote za Canon walitafuta vyuma vya kuunganishia ili wafunge lenzi za makampuni mengine, wakilenga kwa mkono. Distagon ya milimita 21 ya Zeiss, iliyotolewa mwaka 1992 kwa kamera za filamu za Contax, ilipanda bei kwenye soko la mitumba.

Kihisi kilikuwa na ukaidi mwingine ambao filamu haikuwa nao. Juu yake hukaa tabaka la kioo cha kuchuja, na pikseli zake hupenda nuru inayoingia wima. Lenzi nyingi za zamani za pembe pana za Leica, ambazo kipande chake cha nyuma hukaa karibu sana na filamu, hutuma nuru pembeni kwa mshazari mkali. Kwenye filamu zilikuwa tamu. Kwenye Sony A7R ya mwaka 2013, yenye megapikseli 36 na mlango ulio milimita 18 tu mbele ya kihisi, nyingi zilitoa pembe zenye ukungu na kingo za zambarau. Leica wenyewe walipotoa M9 mwaka 2009 walilazimika kuhamisha vijilenzi vidogo vilivyo juu ya pikseli, hasa za kingoni, ili vipokee nuru hiyo ya mshazari.

Katika hali hiyo kijitabu cha Nikon cha 2012 kilisomeka kama hati ya mashtaka dhidi ya miaka 50 ya michoro, na viwanda vilijibu upesi. Septemba 2012 kampuni ya familia ya Sigma, ambayo lenzi zake hutengenezwa Aizu, mkoani Fukushima, Japani, ilionyesha huko Ujerumani 35 f/1.4 ya mfululizo iliouita Art. Iliuzwa chini ya dola 900 na ikazishinda lenzi za bei mara mbili. Sigma pia ilijenga mashine ya kupimia ukali iliyotumia vihisi vyake vya megapikseli 46, na kila lenzi ya mfululizo huo ikapimwa kabla ya kuondoka kiwandani. Hilo la pili lina uzito kuliko la kwanza. Roger Cicala, mwanzilishi wa kampuni ya kukodisha lenzi ya Lensrentals ya Marekani, alipima nakala nyingi za lenzi moja na kuonyesha hadharani kwamba hazilingani: kipande kimoja kikikaa upande kidogo tu, kulia kwa picha kunakuwa kukali na kushoto kunalegea. Mnunuzi anayelinganisha grafu za majarida halafu hapimi nakala aliyopewa dukani amefanya nusu ya kazi.

Kwa hiyo anayechagua lenzi leo kwa kihisi cha megapikseli 45 au 61 anachagua kati ya tabaka za historia. Lenzi zilizochorwa kwa kamera zisizo na kioo cha kuakisi, mfano za Nikon Z ya mwaka 2018 yenye mlango wa milimita 55 uliokaa milimita 16 tu mbele ya kihisi, zimesamehewa ule mzigo wa Angénieux, na pembe zake zinaonyesha. Baadhi yake huacha picha ipinde kisha programu ya kamera inyooshe. Wako wanaoita huo udanganyifu. Msimamo huo ni mgumu kuutetea mbele ya picha nzuri, ingawa bei inayodaiwa kwa lenzi ambayo nusu ya kazi yake inamaliziwa na kompyuta inaweza kujadiliwa. Na kwa lenzi yoyote ile, mpaka wa Abbe haujasogea. Kwenye f/4 nukta ya nuru ina upana wa mikromita tano hivi. Kwenye f/8 inakaribia 11. Kwenye f/16 inazidi 21, yaani pikseli tano na zaidi za A7R IV. Ndiyo maana lenzi za kisasa za gharama kubwa hujivunia ukali wao kwenye f/2.8 na f/4, mahali ambapo babu zao walikuwa bado na usingizi.

Zeiss ya Oberkochen ilikwenda mbali zaidi mwaka 2013 kwa Otus ya milimita 55: vipande 12 vya kioo, karibu kilo moja, karibu dola 4,000, haijilengi yenyewe, na ilitosheleza kihisi chochote kilichokuwa sokoni. Mwaka huohuo kampuni ya Lomography, ambayo makao yake ni Vienna, iliomba umma uchangie kupitia intaneti kutengeneza upya lenzi ya Petzval kwa ajili ya kamera za Nikon na Canon. Zilipatikana zaidi ya dola milioni 1.3. Lenzi ilitengenezwa katika kiwanda cha Zenit huko Krasnogorsk, Urusi, kwa shaba ya manjano, ikiwa na vibati vyenye matundu ya ukubwa tofauti vya kuchomeka kwa juu badala ya tundu la kuzungusha. Katikati yake ni kali. Kingoni picha inazunguka na kufifia, na waliochangia walilipa kwa ajili ya hilo hasa, wengine wakiifunga kwenye D800.